Ushahidi wa Jikoni

Katika jiko la Minnie Wright meza imefutwa upande mmoja tu. Ndoo ya sukari imeachwa wazi, na kando yake kuna mfuko wa karatasi uliomiminwa nusu. Chupa za matunda alizohangaikia kiangazi kizima zimepasuka kwa baridi, imesalia moja. Mwenye jiko yuko rumande. Mumewe amekutwa kitandani, kamba shingoni. Mkuu wa polisi na mwendesha mashtaka wanaingia, wanatupa jicho, wanasema hapa hakuna cha maana, ni vyombo tu, kisha wanapanda ghorofani kutafuta sababu ya mauaji. Wanawake wawili waliofuatana nao, mmoja mke wa jirani, mwingine mke wa huyohuyo mkuu wa polisi, wanabaki chini kumkusanyia mfungwa nguo. Kile ambacho wanaume wanakitafuta juu, wao wanakikuta kwenye kikapu cha ushonaji.

Susan Glaspell aliichapisha hadithi hii mwaka 1917, baada ya kuiandika kwanza kama mchezo wa jukwaani mwaka 1916. Aliiita A Jury of Her Peers. Tuiite hapa Baraza la Wenzake. Haikosi katika orodha ya hadithi fupi zilizotetea wanawake, na walimu tumezoea kuifundisha kwa njia moja: wanaume hawakuona, wanawake waliona. Ni kweli, ila ni kweli ya juujuu. Iliyo chini yake niliipata Bombambili, hapa Songea, uani kwa mama mmoja, siku kikundi chao cha vikoba kilipomaliza kuhesabu hisa na watu hawajatawanyika kwenda kubandika sufuria. Waliniomba hadithi, nikawapa hiyo, nikiigeuza papo hapo. Theluji niliigeuza baridi ya Julai. Mtu wa Songea hahitaji kuelezwa baridi ya Julai.

Nilipofika kwenye kikapu, nikaeleza kwamba Minnie alikuwa akiunganisha viraka vya blanketi, mshono umenyooka kiraka baada ya kiraka, halafu kimoja kimekwenda ovyo kana kwamba mshonaji hakujua anachokifanya. Kabla sijaendelea, mama mmoja anayefuma vitambaa vya makochi alidakia: "Hapo aliposhona vibaya, mwalimu, ndiyo siku yenyewe." Wasomi wameandika kurasa na kurasa kufika hapo. Yeye alifika akiwa bado anachambua maharage.

Ndani ya kikapu mna kisanduku kizuri, na ndani ya kisanduku, kimeviringishwa hariri, ndege mdogo wa kuimba, shingo imenyongwa. Mlango wa tundu lake umeng'olewa bawaba. Minnie mwenyewe, kabla hajaolewa, aliimba kwaya. Basi sababu ya mauaji imepatikana, iko mkononi mwa wanawake wawili, na wanaume wanashuka ngazi. Mwendesha mashtaka anamtania mke wa mkuu wa polisi kwamba yeye hahitaji kuchungwa, kwa kuwa kaolewa na sheria. Mke wa jirani anakitia kisanduku mfukoni mwa koti lake. Hadithi imekwisha.

Nilidhani watashangilia. Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote pale, aliuliza: "Na hao majirani walikuwa wapi siku zote?"

Swali hilo limo ndani ya hadithi yenyewe, ila sisi wasomaji hulipita haraka kwa sababu tuna hamu ya kisanduku. Mke wa jirani, Martha Hale, anakiri kwamba zaidi ya mwaka hakukanyaga nyumba ile. Haikuwa na furaha, naye alikuwa na kazi zake. Analia kwamba kosa lake ni hilo, na kwamba hakuna wa kumhukumu kwalo. Nikiisoma sasa, naona Glaspell aliweka kesi mbili katika jiko moja. Ya kwanza ni ya Minnie. Ya pili ni ya Martha, na Martha anaificha ile ya kwanza kwa sababu ameshindwa ile ya pili.

Glaspell hakuitoa hadithi hewani. Desemba 1900, karibu na Indianola, jimbo la Iowa, mkulima John Hossack alipigwa shoka usiku akiwa amelala. Mkewe Margaret alisema alikuwa kitandani kando yake, hakumwona muuaji. Glaspell alikuwa mwandishi wa habari kijana katika gazeti la Des Moines, akaifuatilia kesi. Margaret alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1901. Mahakama ya Juu ya jimbo ikaitengua hukumu mwaka uliofuata. Kesi ikarudiwa mwaka 1903, wazee wa baraza wakashindwa kukubaliana. Wote walikuwa wanaume. Lakini kinachonikaa rohoni si jinsia ya wazee wale. Margaret alikuwa amewahi kuwaendea majirani na kuwaambia jinsi mumewe alivyokuwa akiitesa nyumba. Upande wa mashtaka uliwaita majirani haohao kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu ya kumuua. Kilio chake cha kuomba msaada kilihifadhiwa miaka yote hiyo, kikaja kutumika mara moja, dhidi yake.

Kwa hiyo tunapowasifu Martha Hale na mwenzake kwa macho makali, tukumbuke kwamba mwandishi alikuwa ameshaona mahakamani jinsi maneno ya jikoni yanavyofanywa yakifikishwa mbele ya wenye kiti. Alipowapa wanawake wake wawili kile kisanduku, aliwapa pia sababu nzuri ya kutomwamini mtu yeyote aliyekuwa akishuka ngazi.

Nyumba ya akina Wright iko bondeni, peke yake, barabara haionekani. Bombambili hakuna nyumba ya namna hiyo. Tofali zetu za kuchoma zimesogeleana, mabati yamekaribia kugusana, na jirani akipasua kuni unajua kama ana hasira. Hapa hakuna anayeweza kusema sikusikia. Saa nne usiku, baba mwenye nyumba amerudi kutoka kwenye komoni, sufuria inaruka, mtoto analia, na katika nyumba tatu za pembeni redio inapunguzwa sauti. Asubuhi wanawake wanakutana bombani. "Umeamkaje, mama Fulani?" "Nimeamka salama." Jicho moja limevimba. Anayeuliza ameliona, anayejibu anajua limeonwa, na ndoo zinajaa.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumchapa mwenzake. Ina umri wa zaidi ya nusu karne. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Basi hatuna upungufu wa sheria, na kwa hakika hatuna upungufu wa mashahidi. Tunachokosa ni mahali ambapo kile wanachokijua wanawake wa bombani kinahesabika kuwa ushahidi kabla hakijawa maiti. Kwa wengi wetu bado ni mambo ya ndani. Anayeyasema anaitwa mmbea, na mashemeji hawamsahau.

Hapa kuna jambo la mkoa wetu ambalo Glaspell hangeweza kulijua. Wangoni, ambao mji huu umesimama juu ya historia yao, ni watu wa ukoo wa baba: mahari hulipwa, mke huhamia kwa mume, watoto ni wa huko. Ukielekea mashariki, Tunduru, unaingia kwa Wayao, ambao kimila ukoo hufuata upande wa mama. Kwa desturi yao mume ndiye aliyehamia kwao mke, na kaka mkubwa alikuwa mlinzi wa dada zake na watoto wao, kundi wanaloliita mbumba. Bombambili tumechanganyika, Mngoni kaoa Myao, Myao kaolewa na Mmatengo, na kila ndoa ina mahakama mbili au tatu za kimila zisizoonekana.

Mpeleke Minnie Tunduru ya zamani. Mumewe, John Wright, ndiye angekuwa mgeni pale nyumbani, na kigoda alichokalia kingekuwa cha wakwe zake. Siku anang'oa mlango wa tundu la ndege, habari ingemfikia shemeji yake mkubwa kabla jua halijapanda, na jioni mwanamume angeitwa aeleze ndege alikuwa na kosa gani. Sitaki kuipamba mila. Kaka mkubwa naye ni mwanamume mwenye mamlaka, na wapwa wa kike wanaweza kukusimulia yake. Lakini tofauti ni kubwa: kwa Wayao kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusikia. Minnie hakuwa na mtu wa namna hiyo. Mke wa Kingoni alikuwa na shangazi na wazee wa upande wake, mbali, na ng'ombe wa mahari walikuwa wameshapokelewa, na kumrudisha binti maana yake ilikuwa kutafuta ng'ombe wa kurudisha. Nimesikia wazazi wengi, watu wema kabisa, wakimwambia binti avumilie, na ukisikiliza vizuri unasikia hesabu ikipigwa.

Yule bibi wa vikoba, ambaye ni Mngoni, alipoyasikia haya ya Wayao alicheka. "Ndiyo maana wakwe zangu wa Tunduru wana kiburi," alisema, na sikujua kama ni lawama au wivu.

Kutoka Bombambili hadi Mahenge, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Majimaji, ni mwendo wa bodaboda. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa Songea mashujaa zaidi ya 60 wa Vita vya Majimaji. Mwanamke kati yao alikuwa mmoja, Mkomanile, kiongozi aliyempokea Omari Kinjala alipoileta Ungoni dawa ya maji mwaka 1905. Kila Februari tunawakumbuka, ngoma zinapigwa, viongozi wanakuja, na jina lake hutajwa kwa fahari. Mimi husimama pale nikiwaza jambo dogo. Utawala ule uliteua maakida na majumbe wanaume, ukakusanya kodi kwa majina ya wanaume, ukaandika habari za vita vya wanaume. Zamu ya kitanzi ilipofika, haukuona taabu kumhesabu mwanamke sawa na wenzake. Iowa ya miaka ileile ilikuwa na akili hiyohiyo. Margaret Hossack hakuruhusiwa kukaa katika kiti cha mzee wa baraza, lakini kizimbani palikuwa na nafasi yake. Adhabu ndiyo idara ya kwanza ya serikali kuwapa wanawake usawa.

Katika simulizi nyingi za Majimaji, Mkomanile hupewa mstari mmoja au miwili. Ningetoa vitabu vyangu vyote nipate ukurasa mmoja wa jikoni kwake: nani alipika siku Kinjala alipofika, wanawake wa nyumba ile walisema nini wageni walipolala.

Lakini na wanawake wanapoamua kwenda kusema? Zanzibar wanayo kesi moja, na tunaijua kwa sababu kundi la Siti binti Saad liliiimba. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, mjamzito, alichukuliwa na mwanamume aliyeitwa Kijiti kwenye matembezi ya usiku, akafanyiwa unyama na kuuawa. Kijiti akavuka bahari, akakimbilia bara. Wanawake waliomjua marehemu walikwenda mahakamani kutoa ushahidi. Hakimu akawageukia wao: kwa nini walinunua pombe, kwa nini walimtoa mgeni usiku. Adhabu ikawaangukia mashahidi, muuaji yuko ng'ambo anakula samaki. Wimbo ulifanya kazi ambayo mahakama ilikataa kuifanya, uliandika jina la mtu na kosa lake mahali ambapo kila anayepita angelisikia. Siti, mfinyanzi wa zamani aliyekuwa akiuza vyungu, alijua thamani ya kitu kinachobebwa mlango kwa mlango.

Weka sasa Kijiti kando ya Baraza la Wenzake. Wanawake wa Zanzibar walifanya lile ambalo wengi wetu tungependa Martha Hale alifanye, walikwenda mbele ya sheria na kusema. Yakawakuta yaliyowakuta. Mtu anayeniuliza kama ni haki kuficha kisanduku, humwambia aende kwanza akasikilize kesi ile. Siamini kwamba kuficha ni haki. Naamini ni kile kilichobaki mkononi. Wasomaji wanaoifanya hadithi hii sherehe ya mshikamano wa wanawake wanasahau kwamba mtu mmoja kauawa, na mwingine atarudi nyumbani kukaa na alichokifanya, na nyumba ile ya bondeni haikupata neema yoyote. Glaspell hatuambii kama Minnie ataachiwa.

Kuna siku moja, hata hivyo, ambayo jiko liliingia katika sheria ya nchi hii kwa mlango wa mbele. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Ndoa ilikuwa imevunjika, na swali lilikuwa la kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa: mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja igawanywe vipi, na je, kupika, kufua, kulea na kutunza nyumba ni juhudi? Kabla ya hapo majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika. Wengine walisema mchango ni fedha au jasho la ujenzi, kazi za nyumbani ni wajibu wa mke tu. Jaji Mkuu Francis Nyalali aliandika kwamba kazi za nyumbani ni mchango unaohesabika. Tangu hapo kila mwanamke wa Tanzania anayedai sehemu yake hulitaja jina la Bi Hawa, hata kama hajui kwamba analitaja.

Kinachosahauliwa ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata nyumba. Mahakama iliona kwamba mumewe alikuwa amempa fedha za mradi wa familia naye akazitapanya, na kwamba hilo lilikuwa limemeza alichostahili. Alishinda hoja, akapoteza rufaa. Kama Glaspell angeiandika hii, mhariri angemwambia apunguze kejeli.

Nawatajia kina mama wa vikoba shauri hili kila nikipata nafasi, kwa sababu Ruvuma ni ghala la mahindi na mahindi yana jina. Anayeamka alfajiri kupalilia ni mama na watoto. Anayebeba mbolea kichwani ni mama. Wakati wa kupukuchua, ua mzima ni wake. Lakini msimu wa 2022/2023 serikali ilipoanza kusajili wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, katika nyumba nyingi nilizozijua jina lililoingia kwenye mfumo lilikuwa la baba, na gunia likifika kwenye mizani, jina ni hilohilo. Hakuna mtu aliyekula njama. Ndivyo ilivyozoeleka, na karani ana foleni. Miaka kumi baadaye ndoa ikivunjika, mama atasimama mbele ya hakimu akiwa na mikono yenye sugu, na karatasi zote zitakuwa upande wa pili wa chumba.

Ndiyo maana daftari la vikoba linanivutia kuliko vitabu vingi vya nadharia. Ni daftari la kawaida la shule, kaunta buku, jalada limefungwa kwa gazeti. Ndani yake kuna jina la mwanamke, tarehe, hisa, mkopo, marejesho, na mara nyingi mweka hazina huandika pembeni fedha imetoka wapi: vitumbua, kuku, mboga, dagaa wa Nyasa. Limetunzwa bila nia ya kumshtaki mtu. Ni kumbukumbu ya jikoni iliyoandikwa siku ileile jambo lilipotokea, tena mbele ya mashahidi, jambo ambalo wanasheria hulihangaikia miezi.

Mama mmoja wa kikundi alipoachana na mumewe walipita kwanza kwenye usuluhishi, kama Sheria ya Ndoa inavyotaka kabla ya kudai talaka mahakamani. Walikwenda baraza la kata, aina ya baraza ambalo sheria ya mahakama za ardhi ya 2002 ilitaka liwe na wajumbe wanne hadi wanane, watatu kati yao wanawake. Mume alisema bati za nyumba alinunua yeye, na muuza duka alikuwa tayari kuja kusema. Mke alifungua kanga, akatoa daftari. Mzee mmoja wa baraza alitaka kujua kwanza kama alijiunga na kikundi kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Likazuka bishano ambalo sikuwepo kulisikia, nimesimuliwa na watu wanne kwa namna nne. Wote wanakubaliana kwamba mjumbe mwanamke aliyekaa pembeni, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, aliomba alione lile daftari. Akavaa miwani. Akaanza kuuliza, ukurasa kwa ukurasa, Machi mkopo wa laki mbili ulikuwa wa nini, Juni marejesho yalitoka wapi, na mume akaambiwa akae kimya mpaka aulizwe. Shauri halijaisha. Mume amedai apewe muda, na sasa naye anatafuta risiti.